Kovu la Shavu Jingine

"Wifi na wifi," Mkuu wa kituo alisema, akalisukuma faili kama mtu anayesogeza sahani ya chakula kilichopoa. "Tangu dunia iumbwe hawajawahi kupatana. Kesi imejitatua yenyewe. Wewe unatafuta nini tena?"

"Natafuta nani aliyechonga uso," Sajini alijibu.

"Mchongaji ndiye aliyechonga uso. Si ndiyo kazi yake? Kibao kimekutwa rafuni kwake, wino wake, karatasi zake. Mchana anapelekwa mahakamani. Ukitaka kumtetea, rudi shule ukasomee uwakili."

Sajini alilichukua faili. Kituoni walimwita Kupe, kwa sababu akishang'ang'ania kitu hachomoki mpaka uchome moto. Lilianza kama tusi. Yeye akaamua kulivaa kama cheo, na sasa hata mahabusu walikuwa wakimwamkia kwa jina hilo.

Kesi yenyewe ilikuwa ya picha. Mwanamke mmoja, mchapaji wa picha za mkono, alikuwa amechonga kibao cha mti, akakipaka wino, akakigandamiza karatasini, ikatoka picha aliyoiita Mnavyoniona. Mwanamke amesimama juu ya mizani ya bucha. Kuanzia shingoni mpaka vidole vya miguu, mwili wake wote umejaa macho ya watu: macho makali, macho yenye usingizi, macho yanayokonyeza. Uso tu ndio hauna kitu, mweusi tii, mti wake haukuguswa na chombo. Watu walipomuuliza kwa nini kauacha hivyo, aliwajibu kwamba hapo ndipo pahali pekee ambapo hakuna anayepatazama. Aliitundika mlangoni pa karakana yake. Wengine walicheka, wengine walitema mate, maisha yakaendelea.

Halafu asubuhi moja nakala za picha hiyo zikakutwa zimebandikwa kuanzia geti la hospitali mpaka ukuta wa soko. Safari hii mwanamke wa kwenye mizani alikuwa na uso. Na uso ule mji mzima uliujua, mpaka kovu la moto shavuni. Ulikuwa uso wa muuguzi wa wodi ya wazazi, mke wa kaka yake mchapaji. Kabla jua halijapanda alikuwa ameshapewa jina: Mama Macho. Hospitali ikamwambia akapumzike mpaka maneno yapoe, na cheo cha usimamizi wa wodi, alichokuwa karibu kukabidhiwa, kikawekwa pembeni. Mume wake, seremala, akamwambia atangulie kwa mama yake kwanza. Muuguzi hakwenda kwa mama yake. Alikwenda polisi akataja jina la wifi yake.

Na leo alikuwa amerudi, amekaa benchi la mbele, mkoba mapajani, kuhakikisha wifi anapanda gari la mahakama.

Kupe alimwita ndani. Picha ilikuwa imebanwa ukutani kwa pini.

"Simama hapo kando yake."

"Nisimame nayo tena? Sijaonekana nayo vya kutosha?"

"Kidogo tu, dada."

"Mimi si dada yako." Lakini alisimama.

Kupe alimtazama, akaitazama picha, akamtazama tena. "Hilo kovu ulilipataje?"

"Birika la chai, nikiwa mtoto. Nalo limeshtakiwa?"

"Liko shavu gani?"

Muuguzi alijipiga shavu la kulia kwa kiganja. "Hili. Nyie mnaajiri vipofu?"

"Na huyu wa pichani?"

Muuguzi aligeuka akakabiliana na picha uso kwa uso. "Hilohilo," akasema, akanyoosha mkono wa kulia moja kwa moja mpaka kidole kikagusa kovu.

"Usiguse. Jifanye ni wewe uliye mle ndani, unatutazama sisi. Hapo mkono wako wa kulia ungekuwa wapi?"

Muuguzi alisogeza mabega kidogo, kama anayejaribu gauni. "Limekaa la kushoto," akasema polepole. "Lakini mimi ndivyo ninavyojiona kila siku."

"Unajiona wapi?"

"Wapi tena, si kwenye kioo."

"Basi mji mzima ni wewe peke yako unayejiona hivyo. Sisi wengine tukikutazama, kovu liko upande wa pili."

"Kwa hiyo amekosea. Anisamehe kwa kukosea, au nimsamehe mimi?" Muuguzi aliuchukua mkoba wake. "Siku ya harusi yangu yeye ndiye aliyenipamba. Nilitaka kulifunika kovu kwa poda, akanishika mkono, akasema wifi, hili usilifiche. Kumbe alikuwa akinipima. Unaniuliza kuhusu mashavu, Sajini, badala ya kuniuliza nimelala wapi jana."

Alitoka, akarudi kwenye benchi lake.

Mahabusu ya wanawake ilikuwa na harufu ya dawa ya choo na ukuta mbichi. Mchapaji alikuwa amekaa chini, kucha zake nyeusi kwa wino ambao sabuni ya kituo haikuuweza. Kupe aliweka kibao sakafuni kati yao.

"Umekuja kuniuliza tena kwa nini namchukia wifi yangu?"

"Nimekuja kuuliza unachongaje."

"Kwa mikono."

"Kama ungetaka kumchonga wifi yako, kovu ungeliweka upande gani wa kibao?"

"Nisingemchonga. Ningetaka kuchonga mtu, weusi ule ningeuacha wa nini?"

"Tuseme umeshikiwa bunduki."

Mchapaji alivuta pumzi kwa hasira. "Upande usio wake. Kibao kinageuza. Cha kulia kinatoka kushoto, cha kushoto kinatoka kulia. Muhuri wenu pale kaunta, ukiutazama tumboni, maandishi yake yanasomeka?"

"Hayasomeki."

"Ila ukiugonga yanasomeka. Basi."

"Mtu anaweza kusahau?"

"Siku yake ya kwanza. Ya kwangu nilichonga saa ya ukutani, nikajiona fundi, ikatoka namba zinarudi nyuma. Marehemu baba aliicheka mpaka akapaliwa. Tangu hapo sijasahau, na nimezeekea humo."

Kupe alisogeza kibao karibu na dirisha la vyuma. "Huu uso niambie. Acha ni wa nani. Niambie umechongwaje."

Mchapaji hakutaka kuinama. Lakini kibao kilikuwa chake, na mtu akiletewa mtoto wake amekatwa nywele na mgeni lazima amkague. Aliinama.

"Macho haya ni yangu. Nasukuma chombo kwa kiganja, njia inakuwa ya juujuu. Uso umepigwa kwa nyundo, tazama kina chake. Na patasi yenyewe ina pengo." Alipitisha ukucha kwenye mfereji wa shavu. "Humu katikati pamebaki kimstari, kama unywele umelala. Kila mfereji kipo. Mimi chombo changu kikipata pengo silali mpaka nimekinoa."

Kupe alipitisha ukucha wake mwenyewe. Unywele ulikuwepo. Ulikuwepo shavuni, kwenye nyusi na ndani ya kovu, umekaa palepale, karibu na ukingo wa kushoto wa kila njia.

"Ufunguo wa karakana anao nani?"

"Mimi. Na kaka, ananipigia randa vibao na kunitengenezea fremu. Na kaka mumwache, yule ndiye aliyenilea tulipofiwa, na sasa mmemvunjia nyumba. Mkamateni jirani yangu wa mihuri. Ukuta wetu wa nyuma mtoto anauruka. Aliapa mbele ya watu kwamba atanifundisha adabu."

Korido ilikuwa imezibwa na Mkuu wa kituo.

"Nimesikia," alisema. "Amekosea upande makusudi, ili akuchezee akili."

"Na patasi nayo ameitia pengo makusudi?"

"Mchana, Kupe. Gari halitakusubiri."

Dukani mbele ya kituo Kupe alinunua miche kadhaa ya sabuni ya kufulia, akamkabidhi Koplo, mtu mnene mwenye goti bovu aliyekuwa amepangiwa kumwendesha.

"Afande," Koplo aliuliza akiwasha gari, "tunakwenda kukamata au kufua?"

"Inategemea nguo ni ya nani."

Fundi wa mihuri alikuwa na kibanda chembamba kama sanduku la saa, amekaa nyuma ya dirisha lake akiwaangalia wapita njia kama wamemkosea. Alipowaona polisi alifunika kazi yake kwa gazeti.

"Nilisema nitamfundisha adabu, ndiyo. Nasema tena. Mwanamke anatundika mizani mlangoni, wateja wangu wakipita wanaona kama ni wao wanaotukanwa. Nimekataa? Andika."

"Sijaja kuandika. Chonga mshale." Kupe aliweka mche wa sabuni juu ya gazeti. "Nikiupaka wino nikaugonga kwenye karatasi, uelekee mlangoni."

Mlango ulikuwa kulia kwake. Mzee alimtazama kama anayetazama noti bandia. Akachukua kisu chembamba, na bila kufikiri hata kidogo akachonga mshale unaoelekea kushoto, ukutani. Aliupaka wino mwenyewe, akaugonga. Karatasini ukatoka mshale mzuri, umenyooka, unaelekea mlangoni. Njia ya kisu ilikuwa laini tupu, haina unywele.

"Umemaliza kunidhalilisha?"

"Bado kidogo. Ukuta wa nyuma unaurukaje?"

"Kwa magoti haya? Mwulize mnene wako, ananiona nikiruka?" Koplo alikohoa. "Mimi nikimtaka yule mama nitamfuata mchana, mbele za watu, anijibu nami nimjibu. Kubandikabandika kwenye kuta ni kazi ya mtu anayemwogopa. Chukueni sabuni yenu, inanichafulia meza."

"Huyu si yeye," Koplo alisema garini.

"Huyu angekuwa yeye, kovu lingekaa mahali pake."

Karakana ya seremala ilikuwa pana, ina vitanda visivyo na magodoro vimesimamishwa kwa miguu ya nyuma kama ng'ombe wanaojikuna. Seremala alikuwa akipiga maua kwenye ubao wa kichwani wa kitanda, nyundo ya mbao mkono mmoja, patasi mkono mwingine. Alikuwa mtu mwenye sauti ya chini, wa kumkaribisha mgeni kabla hajabisha hodi.

"Karibu, afande. Dada yangu amekula?"

"Amekula."

"Na mke wangu mnamwona?"

"Yuko kituoni. Hakuna aliyemwuliza amelala wapi jana."

"Nilimwambia aende kwa mama yake. Hasikii." Alipuliza vumbi kwenye ua. "Sheria ifuate mkondo, ingawa ni damu yangu. Wanawake wakichokana hata mwanaume ukiingia kati unachubuka tu. Niwasaidie nini?"

Kupe aliweka mche wa sabuni juu ya benchi la kazi. "Kuna mtihani tunawapa mafundi wote wa jirani. Chonga mshale. Nikiugonga karatasini uelekee mlangoni."

"Mtihani wa chekechea?"

"Hata wa mihuri ameufanya. Kaulalamikia, lakini kaufanya."

Seremala alitabasamu. Aliigeuza sabuni, akaweka patasi ileile aliyokuwa ameishika, akagonga mara chache, taktak, mshale ukatoka na mapambo yake kabisa, mkia kama wa ndege, unaelekea mlangoni. Kupe aliupaka wino wa kituo, akaugonga kwenye bahasha. Mshale wa karatasini ulielekea kwenye lundo la mbao.

Seremala alicheka kwa dhati. "Ehee, umenipata. Kumbe vinageuka. Basi ndiyo nimekuwa mwizi? Nani asingekosea? Hata huyu baba mnene hapa angekosea."

"Angekosea," Kupe alikubali.

"Ningekosea vibaya," Koplo akasema.

"Haya, mtihani umeisha."

"Wa mshale umeisha." Kupe aliinyanyua sabuni, akaisogeza dirishani, akaiinamisha mpaka mwanga ukaingia ubavuni mwa mfereji. Mle ndani, karibu na ukingo wa kushoto, kulikuwa na uzi mwembamba wa sabuni umesimama, tangu ncha ya mshale mpaka mkiani. Akafungua mkoba wake, akatoa kibao, akakilaza kando. Koplo alisogea kuangalia, goti likalia.

"Kama unywele," Koplo akasema.

"Patasi yako ina pengo, fundi."

Tabasamu la seremala lilibaki mahali pake, lakini hakuna kitu kilicholishikilia tena. "Patasi gani haina pengo? Nenda karakana yoyote."

"Sabuni ipo. Tuanze na zako zote."

Zilikuwa zimepangwa ukutani kwenye kamba ya ngozi. Kupe alizichukua moja baada ya nyingine, akamkabidhi mwenyewe, naye akagonga kwa hasira, kila pigo zito kuliko lililotangulia, mpaka sabuni ikawa imejaa makovu. Hakuna njia nyingine iliyoacha unywele. Ile ya kwanza ilipojaribiwa tena, uzi ukasimama palepale.

"Hii unamwazima nani?"

Seremala alijipangusa sabuni vidoleni.

"Nakuuliza hivi, kwa sababu ukisema unamwazima mtu nitakwenda kwake na sabuni."

"Hakuna anayeshika vyombo vyangu," seremala alisema, na sauti ile ya chini ilikuwa imekwisha. "Na uso ule ni wa mke wangu. Mke wangu mimi. Mtu anashtakiwa kwa kuchora mke wake?"

"Na dada yako anayelala chini?"

"Dada angetoka. Wifi na wifi, watu wangecheka wiki mbili, ingeisha. Nani asiyejua mawifi?"

"Mkuu wangu anajua, hukukosea hapo. Kwa nini?"

"Walikuwa wanampa wodi!" Alitupa nyundo, ikagonga kitanda. "Unajua wodi ile inaingia wanaume gani? Wanasubiri wake zao wajifungue, macho yote kwake. Ananong'onwa, ananyooshewa kidole, habari naletewa mimi hapa na wateja, wanacheka wakilipia viti. Nimemwambia acha, arudi nyumbani. Dada yangu ndiye anamwambia songa mbele wifi, usirudi nyuma. Haya. Wote wawili nimewaonyesha. Nilichonga ninachokiona."

"Kovu umelipatia mpaka kona zake. Alikukalia uchore?"

"Namjua kwa moyo."

"Koplo," Kupe akasema, "msomee haki zake. Na hiyo patasi ifunge peke yake."

Gari la mahakama lilikuwa limeshawashwa waliporudi. Kupe alipita kando yake, akaingia kwa Mkuu, akaweka mezani kibao, sabuni na maelezo ya Koplo. Mkuu alipitisha ukucha kwenye kibao, akapitisha kwenye sabuni, akarudia. Halafu akafungua dirisha akamwambia dereva azime.

Mchapaji alitolewa. Muuguzi aliitwa. Walikutana mbele ya kaunta, na Kupe aliwaambia palepale, kwa maneno machache, nani alichonga na kwa chombo gani. Mchapaji alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Kaka?" alisema. "Kaka aliniletea chakula jana."

Aligeukia kwa muuguzi, akanyoosha mkono. "Wifi."

"Usiniite."

"Umesikia alivyosema Sajini. Si mimi."

"Nimesikia, masikio yangu hayakuungua." Muuguzi hakupandisha sauti. "Wewe ulimwachia nafasi. Unachonga mwanamke mzima, unampandisha mizani, unamjaza macho, halafu uso unauacha mtupu. Ulifikiri atatiwa nani pale, mke wa mheshimiwa? Anatiwa aliye karibu."

"Niliuacha ili asiwe mtu yeyote."

"Basi nimekuwa mimi."

Mchapaji aliushusha mkono. Muuguzi alivuta karatasi ya kufuta mashtaka, akaisoma yote, akatia sahihi kwa kalamu yake mwenyewe aliyoitoa mkobani, na kuirudisha.

"Nyingine niandikie ya kwake. Yuko wapi?"

"Nje, garini. Koplo anamwingiza kwa nyuma."

"Kwa nini nyuma?"

"Ndio utaratibu. Mtuhumiwa hapitishwi mbele za watu."

Muuguzi alilitazama benchi la mbele, alipokuwa amekaa tangu asubuhi. Lilikuwa limejaa: waliopoteza simu, waliogongwa, waliokuja kuwadhamini ndugu zao, na wengine waliokuwa wakimwangalia yeye na kusogezeana viwiko.

"Mimi sikupitishwa nyuma," akasema.

Kupe alimwangalia Mkuu. Mkuu alikuwa ameinamia faili, ghafla ana mengi ya kusoma. Kupe alitoka mpaka barazani.

"Koplo. Mlango wa mbele."

"Utaratibu, afande."

"Mlango wa mbele. Na usikimbie, una goti."

Waliingia polepole. Benchi zima liligeuka. Mtu mmoja alimtambua fundi aliyemtengenezea kitanda, akamnong'oneza wa pembeni, wa pembeni akampa wa pembeni, na jina likafika mwisho wa chumba kabla mwenyewe hajafika katikati. Seremala alikuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Alitazama chini. Kutazama chini hakukutosha, akainua mikono yote miwili, pingu zikalia, akajifunika uso.

Muuguzi alimwendea. Koplo alitaka kuingia kati, Kupe akamtikisia kichwa. Muuguzi aliishika ile mikono kwenye vifundo, bila haraka, kama mtu aliyezoea kugeuza wagonjwa wasiotaka kugeuzwa, akaishusha.